Mdogo wangu alihesabiwa Tunduma

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 mdogo wangu Papy alilala Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Ni dereva wa lori. Anabeba shaba kutoka huku kwetu Lubumbashi, Kongo, anapita mpaka wa Kasumbalesa, anaikata Zambia hadi Nakonde, anavuka, kisha anaishika njia ya Dar es Salaam. Foleni ya pale mpakani madereva wote wanaijua. Usiku ule akapita kijana mwenye kishikwambi mkononi, akawauliza mmoja baada ya mwingine: jina, umri, umetoka nchi gani, umesoma hadi wapi, kazi yako nini. Papy akajibu yote. Asubuhi akanipigia simu, sauti imejaa furaha: "Yaya (dada), balinihesabu!"

Nilikuwa kazini, mtoto wa watu amening'inia kwenye mzani mbele yangu. Nilifurahi naye, lakini simu ilipokatika nikabaki na uzito kifuani. Papy alizaliwa Katuba, hapa Lubumbashi, mwaka 1986. Ana mke na watoto watano, wote wa hapa hapa. Na ile ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuhesabiwa katika sensa, nayo si ya nchi yake.

Mimi nilihesabiwa. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilikuwa Julai 1984, tukiitwa Zaire na jimbo letu likiitwa Shaba. Nilikuwa na miaka mitatu. Marehemu baba alipenda kuisimulia siku ile: mama alitupanga kwenye mkeka tumeoga tumepakwa mafuta, akaja kijana na makaratasi yake, akaandika jina la kila mmoja, akauliza kama kuna mgeni aliyelala ndani. Baba alisema yule kijana alimwita "mkuu wa nyumba", na yeye alilipenda lile neno hadi kufa kwake. Nchi nzima ilikutwa na watu kama milioni 30. Kinshasa walikuwa milioni 2 na laki 6 hivi, na Lubumbashi yetu nusu milioni na ziada kidogo.

Baada ya hapo, basi. Zaidi ya miaka 40 hakuna sensa nyingine iliyofanyika. Akina mama wengi wanaojifungua katika kituo chetu cha afya walikuwa hawajazaliwa nchi ilipojitazama mara ya mwisho.

Matokeo ya Tanzania yalitangazwa tarehe 31 Oktoba 2022. Niliyasoma kwenye simu usiku, watoto wamelala. Watu 61,741,120, na ndani ya hiyo namba yumo Papy wangu, kwa sababu wenzetu walimhesabu kila aliyelala nchini mwao usiku ule, awe mwenyeji au mpita njia. Lakini kilichonikosesha usingizi ni Dar es Salaam. Mwaka 2012 mkoa ule ulikuwa na watu 4,364,541. Miaka 10 baadaye wakawa 5,383,728. Mtu akisoma haraka atasema Dar imefurika. Kumbe ilikua kwa asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa 3.2. Mji mkubwa kuliko yote ulikuwa unakwenda polepole kuliko nchi yake! Basi watu walikwenda wapi? Tazama mkoa wa Pwani, unaoizunguka Dar: kutoka kama milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 2 kwa miaka ile ile 10. Mji ulikuwa umevuka mpaka wake wenyewe, na bila kuhesabu nyumba kwa nyumba nani angeuona kwa uhakika?

Pwani hiyo na sisi tunayo. Inaitwa Annexe.

Kwa wasomaji wa mbali: Lubumbashi ina komini saba, yaani sehemu za utawala za mji. Kamalondo, Kenya (ndiyo, ni jina la komini), Katuba, Ruashi, Kampemba, na komini ya Lubumbashi yenyewe. Ya saba ni Annexe, ambayo imezizunguka zote sita kama gome na mti. Nilipokuwa msichana, huko tulikwenda kutafuta uyoga na masuku, yale matunda ya porini, msimu wa mvua. Kulikuwa na miti, vichuguu virefu kuliko mtu, na wachoma makala, yaani makaa. Leo wauza makala wanatoka mbali sana na baiskeli zao, na palipokuwa na vichuguu pana parseli, yaani viwanja vya nyumba, maana udongo wa kichuguu ndio unaofinyangwa tofali. Naviundu, Kisanga, Kasungami, Luwowoshi, Kalebuka: kila mara nikipita nakuta avenyu ambayo haikuwepo. Watu wanahamia kabla ya bati, bati kabla ya choo, choo kabla ya maji.

Mimi ni muuguzi huko. Acheni nieleze kwa nini namba inanigusa mimi, siyo watu wa ofisi tu.

Kila kituo cha afya kina eneo lake, na kila eneo lina idadi ya watu iliyoandikwa ukutani. Idadi ile ndiyo baba wa kila kitu. Ukiambiwa eneo lako lina watu 10,000, unachukua asilimia 4, unapata wajawazito 400 wa kutegemea kwa mwaka. Vivyo hivyo kwa watoto wa chanjo. Kutoka hapo zinahesabiwa dozi, sindano, kadi, vyandarua. Sasa swali: idadi ile ya ukutani imetoka wapi? Mzizi wake ni 1984. Imekuwa ikiongezwa asilimia 3 hivi kila mwaka, miaka yote hii, kama vile kila avenyu inazaa sawa na kila avenyu inapokea wageni sawa.

Chukua kalamu. Nusu milioni ya 1984, ongeza asilimia 3 kila mwaka kwa miaka 40: unapata zaidi kidogo ya mara tatu, milioni 1 na nusu na kitu. Lakini makadirio ya leo yanaiweka Lubumbashi juu ya milioni 2, na juu zaidi. Hiyo tofauti ni watu waliokuja. Walikuja wakikimbia vita tangu 1996. Walikuja kutoka vijijini migodi mipya ilipofunguliwa baada ya sheria ya madini ya 2002. Na wengine waliondoka: miaka ya 1992 na 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, na marafiki zangu wawili wa darasani sikuwaona tena. Hakuna asilimia 3 inayoweza kubeba mambo hayo.

Ndiyo maana ripoti yetu ya mwezi hutoka na ajabu: tumechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto. Mara ya kwanza nilipoipeleka, mkubwa mmoja aliniuliza kama nimejaza uongo. Sikujaza uongo. Watoto ni wengi kuliko karatasi. Na wakati karatasi inasema tumepita mia, nje kwenye benchi wapo akina mama ambao hawajapata, na friji ni tupu.

Kuna mmoja simsahau. Alitembea na mtoto mgongoni kutoka parseli za mwisho kabisa, mtoto wa miezi tisa, chanjo ya surua. Chupa ilikuwa imeisha. Nilimwambia rudi Jumanne. Hakurudi. Wala sikuwa na pa kumtafuta, kwa sababu avenyu aliyoitaja haikuwa kwenye ramani yetu. Hayo yalikuwa mwaka 2019, mwaka ambao surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi hii, wengi wao watoto wadogo. Yule mtoto ana miaka yake sasa, nikimwombea Mungu awe hai. Kwenye namba ya ukutani hayumo.

Watu huniambia: si kuna orodha ya wapigakura? Ipo. Kwa uchaguzi wa 2023 waliandikwa karibu milioni 44, na kadi ile ndiyo kitambulisho chetu hadi benki. Lakini mtoto wa miezi tisa hapigi kura.

Tunachofanya sisi ni hiki. Kabla ya kampeni ya polio, mimi na marelei, wale wanaojitolea wa kila mtaa, tunapita mlango kwa mlango na chaki na daftari. Mama wa nyumba anaitwa, tunauliza wangapi wanalala humu, wangapi hawajafika miaka mitano. Mwaka huu tuliamua kuvuka mfereji, ng'ambo ambako eneo letu rasmi linaishia na nyumba zinaendelea. Huko mzee mmoja alitutolea kiti, akawaita wajukuu wote nje, akawapanga kwa urefu kama baba yangu angefanya. Tulipomaliza kuandika na kugeuka kuondoka, sauti ya kike ikatuita kutoka ndani:

"Mama, mungojee kwanza. Kuko mungine mu nyumba, alizaliwa jana."

Nikarudi, nikafungua daftari.