Kibanda cha kukunja kilivyonifundisha kazi ya mkanda

Nilipoamua kutengeneza kibanda cha kukunja ambacho mtu mmoja angeweza kukibeba, nilianza na karatasi ya kawaida, nikachora juu yake mikunjo inayojulikana kwa jina la Yoshimura, mtafiti wa Kijapani aliyechunguza namna mitungi myembamba inavyofinyangika inapobanwa kutoka juu. Mikunjo hiyo ni safu za maumbo ya almasi, kingo zake zikikunjwa upande mmoja na mstari wa katikati ya kila almasi ukikunjwa upande wa pili. Karatasi ilijipinda yenyewe ikawa tao, na nilipoibana ikawa utepe mwembamba. Nilijisifu mapema mno.

Karatasi ni nyembamba kiasi kwamba unene wake hausumbui, lakini ubao wa plastiki wa milimita 4 nilioununua ulisumbua sana: kwenye kila makutano, ambapo mikunjo 6 hukusanyika, tabaka zilirundikana zikagoma kufunga, na nilipozikandamiza kwa goti ubao ukapasuka. Ilinibidi nikate kila almasi iwe pembetatu mbili, nipunguze ncha zake, kisha niviunganishe vipande vyote kwa vitambaa vya turubai vilivyogundishwa, nikiacha kati yao nafasi ya takriban mara mbili ya unene wa ubao. Vitambaa hivyo ndivyo vilivyokuwa bawaba, na pia viliziba matundu ambayo mvua ingepitia.

Kibanda kilisimama, kisha taratibu miguu yake ikateleza kwenda nje hadi paa likagusa ardhi. Kwa wiki nzima nilihangaika kuongeza ugumu wa ubao, jambo ambalo halikusaidia chochote zaidi ya kuongeza uzito.

Jibu nililipata nilipotazama kwa makini ujenzi wa ger, nyumba ya duara ya wafugaji wanaohamahama wa Mongolia. Kuta zake ni fito zilizopishana kama wavu, ambazo hufunguka na kufumba kama mkasi, na juu yake miti ya paa hutoka kwenye taji la katikati na kuzisukuma kuta hizo kwenda nje. Kinachozizuia zisitawanyike si ugumu wa fito bali mikanda inayozungushwa ukutani na kukazwa. Mimi nilikuwa nimeiga umbo nikasahau mkanda!

Kwa kuwa kibanda changu ni tao wala si duara, nililaza kamba 4 sakafuni kutoka mguu hadi mguu, nikazifunika kwa turubai ili zisinikwaze. Miguu haikuteleza tena. Tatizo lililobaki ni jasho: plastiki haipumui kama blanketi nzito za sufu zinazofunika ger, hivyo alfajiri matone hudondoka kutoka darini, nami huacha ncha zote mbili za tao wazi kidogo juu. Kamba nazo sasa nazifunga kabla ya kukikunjua, kwa sababu upepo ukikidaka kibanda kilichofunguliwa nusu, mikono miwili haitoshi.