Unyoya wa Kuku Ulivyonitulizia Darasa la Awali

Nafundisha darasa la awali hapa Tanga, watoto wa miaka 5 wanaozidi sabini katika chumba kimoja, na ushauri niliopewa na wenzangu tangu nilipoanza ulikuwa mmoja tu: gonga meza kwa fimbo, wapigie kelele mpaka wanyamaze. Ushauri huo uliniudhi na unaniudhi hadi leo, kwa kuwa mtoto aliyetishwa hufunga mdomo huku moyo ukimwenda mbio, na baada ya muda mfupi hulipuka upya.

Katika semina moja tulishauriwa kuwa na kona ya utulivu. Nilinunua mkeka wa ukindu na mito miwili, kwa fedha isiyo nyingi ingawa ilitoka mfukoni mwangu, nikavipanga chini ya dirisha na kuwaeleza watoto kwamba mwenye hasira au huzuni akapumzike pale. Lo! Kabla ya saa ya uji, darasa zima lilikuwa na huzuni. Mmoja alijifinya mkono mpaka chozi likamtoka, mwingine alinijia akitabasamu, jicho likiwa kwenye mto, akasema, “Mwalimu, mimi nina hasira sana.” Waliowahi kufika waligombania mito, na vilio vingi vya siku hiyo vilianzia pale pale konani. Nadhani mwezeshaji wetu hakuwahi kugawa mito miwili kwa watoto sabini.

Kilichofaa hakikunigharimu chochote. Kutoa pumzi polepole hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, lakini ukimwambia mtoto wa umri huo avute pumzi ndefu, atapandisha mabega na kupuliza kama anayewasha jiko la mkaa, akazidi kuhema. Ndipo nilipoleta manyoya ya kuku, yaliyooshwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Kila mtoto huweka unyoya kiganjani na kuupuliza ili utetemeke bila kuanguka. Hapo hakuna ujanja: akipuliza kwa hasira, unyoya unaruka na inambidi aufuate chini ya dawati, hivyo hujikuta ametoa pumzi nyembamba na ndefu bila kuhubiriwa. Aliyekuwa akigaragara kwa kunyang’anywa penseli huukodolea macho ule unyoya mpaka akasahau kulia.

Zoezi hili tunalifanya asubuhi, baada ya kuita majina, watoto wakiwa wachangamfu, maana katikati ya kilio hakuna anayejifunza jambo jipya. Siku hizi nikinyoosha kiganja kitupu tu, wengi huniiga. Mwenzangu aliyenicheka kwamba naleta uganga darasani sasa huja kuazima manyoya, na kurudisha ni nadra.

Wapo wachache ambao unyoya hauwasaidii, hasa wale ambao hasira yao huishia mikononi. Hao nawatuma wabebe ndoo ndogo ya maji ya kunawa kutoka bombani, au nawaambia wausukume ukuta kwa nguvu zao zote mpaka wachoke. Ukuta bado umesimama.