Siku moja maishani mwangu: leo nipo sauti, mwaloni Kibirizi

Saa 10 na nusu alfajiri alamu inalia na mi nshaamka zamani, siku ya kushuti silalagi vizuri. Nasoma filamu hapa Kigoma, kikundi cha vijana kule Mwanga, msifikirie chuo kikubwa, ni chumba kimoja, kamera moja na mwalimu aliyefanya kazi za tamthilia Dar akarudi nyumbani. Tunabadilishana nafasi kila tukitoka, leo kamera, kesho taa, keshokutwa unabeba maji ya waigizaji. Leo nipo sauti, nafasi ambayo wengi wanaikimbia kwa sababu haina picha ya kupost.

Filamu yenyewe ni fupi, kurasa nane, yani kama dakika nane hivi, maana ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri huwa unahesabiwa dakika moja. Inahusu kijana wa boti ya dagaa aliyekaa bila kazi mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na mama yake anayeuza dagaa. Ile miezi mitatu kila nyumba huku ina stori yake kwa hiyo kuandika hakukutusumbua, kilichosumbua ni kupunguza.

Saa 11 na robo nipo kwenye bodaboda na fito langu. Bumu, yani fito la kushikia maiki, za dukani ni bei kwa hiyo tumefunga maiki kwenye mwanzi, imevikwa kipande cha blanketi la manyoya kuzuia upepo, na jirani yetu ananiuliza kila siku kama naenda kuangua maembe.

Saa 12 nipo Kibirizi, mwalo ambao boti za dagaa zinashushia samaki, na bado giza. Hii watu wa Dar huwa hawaielewi. Saa tunatumia moja lakini sisi tupo mbali magharibi, jua linatufikia kama dakika 40 baada yao, huku linachomoza karibu saa 1 na bado lina vilima vya kupanda ndo liguse mchanga. Na mchana linakuwa utosini saa 7, sio saa 6. Kwa hiyo ratiba yetu ya kushuti tunaipanga kwa jua la Kigoma, na mwezi pia tunauangalia, maana dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali hawazifuati na boti nyingi hazitoki, utakuja mwaloni ukute mchanga mtupu.

Boti zinaingia. Kameramani anakimbilia kupata picha pana kabla mwanga haujawa mkali, fremu 25 kwa sekunde, shata, yani muda kila fremu inaopokea mwanga, 1 ya 50 ya sekunde, hizo namba tumekariri mpaka tunaziota. Mi naenda kwa kina mama wauza dagaa kwanza. Barua ya serikali ya mtaa tunayo, na viongozi wa mwalo tumeongea nao mapema, lakini barua hainyamazishi mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnatupiga picha mkazipeleke wapi?"

Namwelezea. Ananisikiliza vizuri tu, halafu namwomba kama wanaweza kunyamaza kidogo tukisema eksheni, akacheka akawaita wenzake waje wasikie. "Mwanangu hapa ni sokoni, nikinyamaza mteja ataenda kwa huyu." Ana haki yake kabisa, mi mwenyewe ningejibu hivyo hivyo.

Na hapa ndo kazi ya sauti ilipo jamani. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo, atavumilia kamera inayotikisika, lakini mazungumzo yasiposikika anahama, hata mama yako anahama. Muvi zetu nyingi za bongo unakuta mwigizaji analia vizuri kabisa na wewe unasikia feni. Kwa hiyo huwezi kuwanyamazisha soko zima, unachofanya ni kusogea. Maiki iwe karibu na mdomo kadiri inavyowezekana bila kuingia kwenye fremu, ielekee kifuani kidogo, na kelele za nyuma nizirekodi peke yake baadaye, zikae kwenye njia yake kwenye eneo la kuediti ili tuzipandishe na kuzishusha tunavyotaka. Rekoda ipo 48 kHz, biti 24, na sauti kubwa nataka igonge kwenye desibeli -12 hivi, ikipanda mpaka 0 inapasuka na iliyopasuka hairudi. Kamera nayo inarekodi sauti yake mbaya, hiyo ni ya kulinganishia tu, ndo maana tunapiga kile kibao, pa! kila teki, yani kila tukirekodi upya, ule mlio ndo tunaopangia sauti na picha.

Saa 2 mpaka saa 5 tunapiga sini ya mama na mwana. Dairekta wetu wa leo alitaka kamera ihamie upande wa pili kwa sababu ziwa linapendeza, mwalimu akachora mstari kwenye mchanga kati ya waigizaji, ukiuvuka wote wawili wataonekana wanaangalia upande mmoja kama wapo kwenye daladala. Wakabishana, ziwa likashindwa.

Kichekesho ni dagaa. Asubuhi walioanikwa wanang'aa fedha, saa 5 wameshakunjamana, na sisi sini moja tunaipiga kwa masaa. Ukikata kutoka picha ya asubuhi kwenda ya saa 5 dagaa wamekauka kwa sekunde moja! Dada wa kontinyuiti, anayehakikisha vitu vinafanana picha hadi picha, akatoa hela ya chai ya watu wote akanunua dagaa wabichi akawatandaza mbele ya kamera. Chai hatukunywa.

Saa 6 boti za abiria za vijiji vya kaskazini zinawasha injini, jua nalo linapanda utosini, macho ya waigizaji yanakuwa mashimo meusi. "Kati!", yani kata, tunasimamisha. Tunaenda kula ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka.

Saa 8 darasani, somo la biashara. Naona wenzangu wanasinzia lakini mi hili ndo lilinitoa usingizi. Mwalimu alituelezea enzi za DVD watu walivyokuwa wanauza haki zote za filamu kwa msambazaji mara moja, hela unakula wiki, filamu inauzwa miaka na hudai kitu. Akatuonyesha mkataba, tukatafuta mstari wa haki upo wapi. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kuna Bodi ya Filamu kwa vibali na kupanga madaraja ya umri, iko chini ya sheria ya mwaka 1976. Sheria ya 1976 inasimamia watu wanaoshuti kwa simu, haya.

Saa 11 jioni tunarudi mwaloni. Mwanga wa dhahabu tunao mpaka karibu saa 1, jua linashukia upande wa Kongo, kameramani anafurahi kama kalipwa. Mi nawaomba wote wasimame kimya sekunde 30 nirekodi sauti ya lokesheni yenyewe, maji, upepo, soko kwa mbali. Sekunde ya 20 yule mama wa asubuhi akapaza sauti: "Wameshamaliza?"

Nimeiacha humo humo.

Saa 3 usiku tunahamisha mafaili, nakala mbili kwenye diski mbili tofauti, ndo kadi inafutwa. Teki nzuri kuliko zote ina injini ya boti chini ya maneno ya mama. Dairekta anataka mwigizaji aje arudie sauti ndani ya chumba, mi nasema injini ibaki, mtoto hana kazi na boti ya watu wengine inaondoka nyuma yake, sasa unaifuta ya nini? Hatujakubaliana.

Saa 5 usiku meseji ya dairekta inaingia: kesho saa 10 alfajiri, uje na betri za rekoda. Hela ya betri hajatuma.