Yai Lilinidanganya: Nilivyofuga Gobi wa Baharini Hapa Mbeya

Gobi wangu, samaki mdogo wa miambani, ametimiza miezi 11 ndani ya tangi la kioo sebuleni kwangu, Uyole, na ninalisema hilo kwa sauti. Nafundisha biolojia. Nilichoka kuchora ubaoni pezi ambalo wanafunzi wangu, wengi wao hawajawahi kuiona bahari, hawakuweza kuliamini: mapezi mawili ya tumboni yameungana yakawa kikombe, na kwa kikombe hicho samaki anang'ang'ania jiwe mawimbi yasimchukue.

Kumpata si kazi. Maji yakipwa Kigamboni, tazama kwenye vidimbwi vya miambani. Wapo, urefu wa kidole, rangi ya mwamba wenyewe. Kumweka hai huku juu ndiko kulikonitoa jasho.

Watatu wa kwanza waliuawa na ushauri. Sikutaka kubeba maji ya bahari zaidi ya kilomita 800, nikamuuliza muuza samaki wa mapambo. "Mwalimu, ni chumvi tu. Koroga kwenye ndoo mpaka yai bichi lielee, hapo umepata bahari." Nikajaza ndoo ya lita 20, nikamimina pakiti ya kwanza, yai limelala chini. Ya pili, bado limelala. Liliponyanyuka nilikuwa nimemaliza kilo mbili na zaidi, nikapiga makofi peke yangu jikoni. Jioni nikawatia samaki. Asubuhi hakuna aliyekuwa hai.

Nilikaa na uchungu huo hadi likizo. Nikarudi Kigamboni, nikanunua yai dukani, nikaingia nalo baharini hadi magotini, nikaliachia. Likazama. Nikaliokota, nikaliachia tena, likazama tena. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, yaani ndoo ya lita 20 ni kama gramu 700. Mimi niliwatia kwenye maji yenye chumvi mara tatu ya bahari! Na hata ukipima vizuri, chumvi ya jikoni haina magneziamu na kalsiamu ya kutosha ambayo bahari inayo. Siku hizi nabeba madumu ya maji ya bahari yenyewe. Kondakta wa basi huchukua kama elfu kumi hivi, hutegemea amelalaje.

Palepale ufukweni nikatengeneza kipimo changu cha chumvi. Mrija wa soda, vimisumari vichache, nta ya mshumaa kuziba chini. Ukaelea wima kwenye chupa ya maji ya bahari, nikachora mstari kwa maka peni pale maji yalipoishia. Nyumbani, mstari ukipanda juu ya maji, chumvi imezidi, ukizama, imepungua. Agosti hewa yetu ni kavu, maji ya tangi yanapungua ilhali chumvi inabaki, kwa hiyo ongeza maji ya mvua, usiongeze ya bahari.

Hita ilinigharimu elfu hamsini na kitu. Usiku wa Julai umeme ukikatika, nafunika tangi kwa blanketi na kuelesha chupa za maji ya moto.

Halafu mfuniko. Wa nne aliruka, nikamkuta sakafuni amekauka. Baadaye nikasoma kwamba mtafiti Lester Aronson alichapisha mwaka 1951 jinsi gobi wa Atlantiki wanavyoruka kutoka kidimbwi hadi kidimbwi maji yakipwa, bila kuona wanakoangukia, kwa kukumbuka walipopita wakiogelea maji yalipojaa. Wangu aliruka kutafuta kidimbwi ambacho sebuleni kwangu hakipo. Sasa nimeweka wavu wa dirishani na matofali mawili juu yake.

Jumatatu kidato cha pili walikuja kumi kumi. Gobi alikuwa amejibandika kwenye kioo, tumbo upande wao, kikombe wazi kabisa. Msichana mmoja ambaye mwaka mzima hajawahi kuuliza swali akasogea mbele. "Mwalimu, akitaka kuondoka, anaachiaje?" Tukasimama pale wote kimya, mpaka alipoachia.