Siku moja kliniki na watoto wa mbwa: sindano, kadi na kuzoesha

Saa moja asubuhi

Kazi ya Jumamosi inaanzia kwenye friji. Kipimajoto cha ndani kinaonyesha joto la chini kabisa na la juu kabisa lililofikiwa tangu jana jioni, na namba zote mbili lazima ziwe kati ya nyuzi 2 na 8. Hapa Dar es Salaam umeme ukikatika usiku kwa saa kadhaa, friji isiyo na mabarafu ya akiba inapanda haraka. Chanjo hazipangwi mlangoni, maana mlango ndio unaoonja joto kila ukifunguliwa, wala hazigusishwi na ukuta wa nyuma unaotoa barafu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Ile ya mchanganyiko, inayokinga magonjwa kadhaa kwa sindano moja, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na adui yake mkubwa ni joto: mtu anaweza kudunga sindano tatu kwa tarehe sahihi kabisa na asiwe amechanja kitu.

Deli la kwenda nalo mtaani jioni linaandaliwa sasa hivi. Kati ya barafu na chupa kunawekwa kitambaa, zisigusane.

Saa mbili na nusu

Wa kwanza ana wiki 8, kanunuliwa juzi. Swali ni lile lile la kila Jumamosi: "Dokta, si alishachanjwa kule tulikomchukua?"

Tunaangalia kadi. Kadi yenye maana ina stika iliyobanduliwa kwenye chupa, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, kisha tarehe ya kuchomwa na sahihi ya aliyechoma. Iliyoandikwa "chanjo" kwa kalamu na kugongwa muhuri haitwambii kitu. Hapo tunahesabu kama hajachanjwa, tunaanza upya. Kurudia hakumdhuru, mradi ziwe zimepita angalau wiki 2 tangu sindano ya mwisho. Ikirudiwa mapema mno, mwili huwa bado umeshughulika na ile ya kwanza na ya pili inapotea bure.

Kabla ya sindano kuna ukaguzi: uzito, joto (nyuzi 38 hadi 39.2 ni sawa), rangi ya fizi, mapigo ya moyo, kitovu kama hakina ngiri, ngozi na masikio kwa ajili ya kupe na viroboto. Mwenye homa, anayeharisha au mwenye fizi nyeupe kwa kupungukiwa damu hachomwi leo. Anatibiwa kwanza.

Chupa ya unga inachanganywa na maji yake yenyewe, siyo maji ya sindano ya chupa nyingine, na inatumika papo hapo. Ngozi haisuguliwi kwa spiriti, kwa sababu spiriti inaweza kuua virusi hai vya chanjo. Ngozi ya mabegani inavutwa juu, sindano inaingia chini yake, kisha tunapapasa manyoya kuhakikisha hayajalowa. Yakilowa, sindano imetokea upande wa pili na dozi imemwagika.

Dozi ni nzima. Hapa ndipo wengi wanakosea kwa kumhurumia: "Huyu mdogo, mpe nusu." Chanjo haipimwi kwa kilo kama dawa ya minyoo. Mbwa wa kilo moja na wa kilo arobaini wanapata kipimo kilekile, na nusu dozi inaweza isiamshe kinga kabisa.

Baada ya hapo wanakaa kibarazani dakika 30 kabla ya kuondoka.

Saa nne

Foleni imejaa, na swali linalorudi ni kwa nini sindano tatu wakati moja ingetosha.

Mtoto wa mbwa anapata kinga ya mama kupitia maziwa ya kwanza, hasa katika saa 24 za mwanzo. Kinga hiyo inapungua nusu kila baada ya siku kumi hivi, na kila mtoto anaanza na kiasi chake kulingana na alivyonyonya. Ikiwa bado nyingi, inavunja chanjo kabla haijafundisha mwili kitu. Ni kama mlinzi wa usiku anayemzuia getini mlinzi wa asubuhi, kisha naye anajiondokea. Mbaya zaidi, kuna siku kadhaa ambapo kinga ya mama haitoshi tena kumlinda na parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha damu, lakini bado inatosha kuzuia chanjo. Siku hizo hazijulikani kwa kumtazama, na hata ndugu wa tumbo moja wanatofautiana. Ndiyo maana tunarudia mpaka tuwe na hakika kwamba ya mama imekwisha.

Mpangilio tunaofuata: ya kwanza kati ya wiki 6 na 8, kisha kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho isiwe kabla ya wiki 16. Kwa hiyo wiki 8, 12 na 16 inawafaa wengi. Mchanganyiko huo unazuia parvo, distempa (ugonjwa wa virusi unaoshika mapafu na ubongo) na homa ya ini ya mbwa. Ya kichaa cha mbwa inachomwa kwenye wiki 12 na kurudiwa baada ya mwaka. Leptospirosisi, inayoletwa na mkojo wa panya kwenye maji yaliyotuama, tunaiongeza kwenye wiki 12 na 16. Kwa mji wenye mafuriko na mitaro ya wazi, mimi siihesabu kuwa ya hiari. Kisha anarudi akiwa na miezi 6 kwa mchanganyiko mmoja zaidi, kwa ajili ya wale wachache ambao hata wiki ya 16 iliwakuta na kinga ya mama.

Kosa ninalolichukia kuliko yote ni la mtu kuishia sindano ya pili, kwenye wiki 10 au 12, kwa sababu mbwa "anaonekana mzima". Ile ya wiki 16 ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kushika. Kama pesa ni za kubana, afadhali moja ya wiki 16 kuliko mbili za mapema.

Saa tano na robo

Bodaboda inaleta mtoto wa miezi miwili na nusu ndani ya boksi: anatapika, kinyesi ni maji yenye damu, kanyong'onyea. Huyu haingii ndani. Anapimwa nje kwenye meza ya pembeni, na atakayemshika hagusi mwingine mpaka amebadili koti na viatu. Kipimo cha parvo kwenye kinyesi kinatoa jibu ndani ya dakika 10 hivi, ila tunauliza kwanza kama amechanjwa wiki iliyopita, maana virusi vya chanjo navyo vinaweza kuchora mstari hafifu kwenye kipimo.

Parvo inaanza kuonekana siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, na mbwa anamwaga virusi kabla hata hajaanza kuugua. Udongoni virusi hivyo vinaweza kukaa mwaka na zaidi. Distempa, kinyume chake, hufa upesi kwenye jua na ukavu.

Mwenye nyumba aliyepoteza mbwa kwa parvo huambiwa hivi. Sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu dawa ya klorini. Kisha ipakwe klorini iliyochanganywa siku hiyohiyo: yenye asilimia 5, sehemu 1 kwa maji 30, yenye asilimia 3.5, ambayo ndiyo ya kawaida madukani hapa, sehemu 1 kwa maji 20. Ikae dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Bakuli la plastiki lililokwaruzika na tandiko la magunia vichomwe moto. Udongo wa uani hausafishiki, kwa hiyo mbwa mpya wa nyumba hiyo awe amemaliza chanjo kabla ya kuhamia.

Saa saba

Mchana ni dawa za minyoo. Minyoo mviringo inamfikia mtoto tumboni mwa mama na kwenye maziwa, kwa hiyo tunaanza akiwa na wiki 2, kila wiki 2 mpaka wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Pyrantel ni miligramu 5 kwa kila kilo, na mama yao anapewa siku hiyohiyo. Usimpe albendazole ya watu, inaweza kudhuru uboho unaotengeneza damu. Ivermectin ya ng'ombe ndiyo kabisa: tone la ziada kwa mtoto wa kilo 2 linamlevya, linamtetemesha, na lina uwezo wa kumuua.

Saa nane mchana

Sasa lile ambalo kadi haina nafasi ya kuliandika. Mlango wa kuzoea dunia unafunguka mtoto akiwa na wiki 3 na unaanza kufungwa kati ya wiki 12 na 14. Chanjo zinaisha wiki 16. Anayesubiri "amalize sindano ndipo atoke" anamtoa mlango ukishafungwa.

Kwa hiyo chanjo na kuzoesha havisubiriani. Siku 7 baada ya sindano ya kwanza, akiwa ameshapewa dawa ya minyoo na ni mzima, anaweza kuja kwenye kikundi chetu cha watoto wanne au watano, kibaraza cha vigae kikiwa kimepigwa klorini. Wanacheza dakika 5, wanatenganishwa, wanarudi. Anayejificha chini ya kiti haburutwi. Tunaondoa wenye nguvu, tunamwachia mpole mmoja.

Nyumbani, kabla hata ya siku hizo 7, kuna mengi ya kufanya bila miguu yake kugusa ardhi ya mtaa. Anabebwa mkononi au kwenye kikapu. Kaa naye kituo cha daladala dakika 10, ukiwa mbali kiasi cha kumwezesha kula. Mpandishe bajaji. Aone mwenye baibui, mwenye kofia ya pikipiki, mwenye mwavuli, mzee wa mkongojo, watoto wa shule wanaokimbia, mkokoteni, kuku, paka. Asikie adhana, jenereta, mvua juu ya mabati, na blenda ya jikoni ikianzia chumba cha pili. Radi unaipiga kwenye simu kwa sauti ya chini wakati anakula, na unaipandisha kidogo kila siku akiwa bado anakula.

Chakula ndicho kipimo. Chemsha maini, kata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Akikataa kipande anachokipenda, ameogopa: sogea nyuma. Kupiga miayo, kulamba midomo, masikio kulala nyuma na mkia kuingia miguuni ni dalili za mapema. Kumsukumia kwenye kinachomtisha "azoee" kunamfundisha kwamba woga wake ulikuwa sahihi.

Watoto wa nyumbani wakae chini, yeye ndiye awaendee, wamkune kifuani na siyo kumpigapiga kichwani. Majirani waulizwe kwanza: wapo wanaoogopa, na wapo ambao kwa imani yao hawapendi kuguswa na mbwa. Hao hawahitaji kumshika. Kupita kwao kwa utulivu huku yeye akila maini ni somo tosha. Kila siku shika makucha, fungua mdomo, tazama masikio, sekunde chache kila kimoja.

Asipelekwe jaani, kwenye mitaro, wanapouzia mbwa, na ufukweni wanapopita mbwa koko. Kucheza na mbwa mkubwa ni sawa kama amechanjwa, ni mzima na uwanja wake ni safi.

Saa kumi

Deli begani, ni zamu ya nyumba yenye mbwa wa ulinzi. Utaratibu wa kumfungia mtoto bandani mchana kutwa "asizoee watu, awe mkali" umeenea, na matokeo yake ni mbwa anayeng'ata kwa hofu. Hatofautishi mwizi na mtoto wa dada yako aliyekuja likizo, na anaweza kumng'ata hata yule anayempelekea chakula. Mbwa aliyezoea watu wake, wageni wa mchana na kelele za mtaa ndiye anayejua kitu kigeni saa nane za usiku ni kipi. Ukali wa kuzaliwa haupotei kwa kumzoesha.

Bandani kuna watoto wa wiki 5. Hao hawachomwi leo: wanapimwa uzito, wanapewa dawa ya minyoo, na mwenyewe anaelekezwa awashike mmojammoja dakika chache asubuhi na jioni, mbali na mama yao. Hawatenganishwi kabla ya wiki 8. Wakitolewa wiki 5 wanakosa ndugu wa kuwafundisha nguvu ya kung'ata, na wanamuuma mtoto wa nyumbani mpaka damu wakidhani ni mchezo.

Kuhusu meno: mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na kichaa. Aliyeokotwa mtaani akikung'ata, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Saa moja usiku

Simu: aliyechanjwa leo uso umevimba. Maswali ni matatu. Fizi zina rangi gani, anapumuaje, ametapika mara ngapi? Kulala sana na homa kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida, na kinundu kwenye sehemu ya sindano kinaweza kukaa wiki mbili. Uvimbe wa uso aje akaguliwe usiku huu. Fizi nyeupe, kuhema au kuanguka, aje sasa hivi. Asipewe paracetamol wala ibuprofen za watu. Tukio linaandikwa kwenye kadi kwa saa yake, na sindano ijayo anachomwa chanjo moja kwa siku moja, asubuhi, akikaa kliniki saa nzima.