Tembo wale wale, kila siku

Kuna maneno nimeyasikia mpaka nimeyazoea, kwamba nyie wachoraji wa tingatinga, hizi picha za wanyama za rangi kali, mnajirudia tu, tembo wale wale, twiga wale wale, Mlima Kilimanjaro na jua jekundu, hamna jipya. Anasema mteja, anasema msanii mwenzetu aliyesoma chuo, na juzi kanambia mtu wa familia kabisa tena kwa nia njema. Sasa leo nataka nilijibu hili kwa kirefu maana linanigusa, na nadhani linamgusa yeyote anayeishi kwa kazi ya mikono yake, awe anachonga, anasuka mikeka, anadarizi kofia au anatunga hereni za shanga nyumbani kwake, hana ajira wala bosi.

Mimi nachorea nyumbani uani, Mbagala. Nilifundishwa na mjomba wangu, na yeye alifundishwa na kaka yake, ndo utaratibu wetu ulivyo, hakuna cheti hapo. Unaanza na kujaza. Mkubwa anachora umbo la mnyama, wewe unajaza rangi ndani, unajaza tena na tena mpaka mkono utulie, halafu unapewa kanga, yule ndege mwenye vidoti vyeupe mwili mzima, na hapo ndo inajulikana kama una uvumilivu au huna. Nimepiga vidoti vya kanga miezi na miezi. Macho huruhusiwi kuyagusa, macho anaweka fundi mwenyewe mwishoni kabisa, kwasababu jicho likikaa vibaya mnyama mzima anaonekana amekufa hata ungemremba vipi. Siku mjomba aliponambia haya weka macho, sikulala vizuri usiku ule kwa furaha.

Na rangi zetu ni zile za mafuta za kwenye makopo, za kupakia mageti na milango, unazinunua duka la hadiwea kama mtu mwingine yeyote. Zinang'aa vizuri sana ila zina taratibu zake. Kwanza unapaka bakigraundi, njano inapanda inaingia kwenye chungwa, chungwa inaingia kwenye nyekundu, unagongagonga na kipande cha godoro zisiache mstari, basi unaiacha ikauke. Hiyo ya kukauka ndo kazi yenyewe jamani. Ukiwahi kuweka mnyama juu ya rangi mbichi vinachanganyika unapata tope. Kiangazi inakauka vizuri lakini kuna vumbi na upepo, na uani kwangu kuna kuku, kwahiyo nachora huku nimeweka chandarua cha zamani upande wa geti. Masika ndo mtihani. Kuanzia Machi mpaka Mei hewa ya Dar inakuwa nzito, mvua haieleweki, unaweka rangi asubuhi na jioni bado inanatanata, na miezi hiyohiyo ndo watalii wamepungua na maduka hayaagizi, yaani kazi haikauki na hela haiingii kwa wakati mmoja. Wale wanaoona msanii anaishi maisha ya raha anaamka muda anaotaka, waje Mbagala mwezi wa nne.

Halafu sehemu kubwa ya siku yangu hata sishiki brashi. Kukata mbao za fremu, kuvuta kitambaa na kukipiga pini kikaze, kuosha brashi kwa mafuta ya taa, kupiga picha kazi iliyokamilika kabla mwanga haujawa mkali, kujibu meseji za WhatsApp, kufuatilia mtu aliyesema natuma M-Pesa sasa hivi tangu wiki iliyopita. Kuna kufunga mzigo pia, ambako kunahitaji akili yake, maana rangi ya mafuta inaweza kuonekana imekauka juu kumbe ndani haijakomaa, ukizikunja picha pamoja zikafika huko zimegandana hiyo hasara ni yako.

Sasa turudi kwa tembo. Watu wanamwongelea mzee Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji huu wenye jina lake, kana kwamba alikaa peke yake akashushiwa ufunuo. Alizaliwa 1932 kule Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar akahangaika na vibarua kama wengi wetu tulivyohangaika. Alianza kuchora kama mwaka 1968 hivi, kwenye vipande vya silingibodi na rangi za makopo kwasababu hivyo ndo vilipatikana na hela yake iliviweza, na kazi zikawa zinauzwa nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay ambako wageni walikuja kufanya manunuzi. Alichora wanyama kwasababu aliwapenda na kwasababu walinunulika, na sioni kwanini sababu ya pili iiharibu ya kwanza. 1972 akapigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki. Yaani miaka minne tu ya kuchora! Na ndani ya miaka hiyo alishawaweka jamaa zake chini akawafundisha, Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, na hao ndo waliofanya jina lisizikwe naye, mpaka mwaka 1990 kukawa na ushirika kamili wa wachoraji wa tingatinga.

Unajua kwanini iliwezekana? Kwasababu kilikuwa kitu cha kurudiwa. Angewaambia kila picha lazima iwe haijawahi kuonekana duniani, ile kazi ingeishia palepale alipoangukia yeye. Mama ntilie anapika wali na maharage kila siku ya Mungu na hakuna anayemwambia anajirudia, watu wanajua wali wa leo una mkono wake. Na humohumo kwenye kurudia ndo wametoka watu kama Mohamed Charinda aliyejaza picha zake hadithi za kwetu, na David Mzuguno na misitu yake iliyosongamana majani na ndege mpaka huoni pa kupenya.

Sisemi hakuna wizi. Upo. Kuna mtu anachukua picha yako uliyoihangaikia, anainakili mpaka kosa lako dogo la mguu wa pundamilia, anaiuza kabla yako. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda picha yako uliyoichora ila hailindi mtindo, tembo wa tingatinga ni wa wote, na mimi nakubaliana nayo maana bila hivyo hata mimi nisingeruhusiwa kushika brashi. Sisi wenyewe tuna adabu yetu, ukiona wazo la mwenzio unamwomba, unaweka lako juu yake, na wazee wakikukuta umenakili tu wanakwambia hadharani.

Kinachoniuma mimi ni saini. Kuna mwenye duka mmoja Unguja alikuwa ananunua kwangu kwa bei ya jumla, akanambia dada usisaini, zinauzika vizuri zaidi bila jina. Nikakataa, akanipunguzia oda, na masika yale yalikuwa magumu kwelikweli, ada ya mtoto nililipa kwa kuunga unga. Bado nasaini. Hata vitembo vidogo vya saizi ya daftari nasaini, kona ya kulia chini, kwasababu nimewajaza, nimewasubiri wakauke, nimewawekea macho mwenyewe.

Na usiku watoto wakilala nina picha yangu. Ni soko la samaki la Feri, wakina mama wa kukaanga, wachuuzi, mnada, watu wamebanana, ndoo, moshi, paka. Ni kubwa, imechukua ukuta mzima wa chumba cha mbele na mume wangu ameshaacha kuuliza itaisha lini. Nilipofika kwenye magamba ya samaki ndo niliwaelewa wale kanga wa mjomba. Mkono ulikwenda wenyewe, kidoti baada ya kidoti, vibua, changu, jodari, bila kuwaza, kichwa kikawa huru kufikiria sura ya yule mama anayebishana bei. Nisingeweza kuichora bila wale tembo. Na hela ya rangi zake imetoka kwao pia, oda ya twiga wa mwezi uliopita ndo iliyonunua kopo la bluu ya bahari.

Hiyo siiuzi kwa bei ya jumla wala siitumi picha yake kwenye simu. Anayeitaka aje Mbagala aione kwanza, chai ipo.