Roboti mbili, mchoro mmoja

"Baba, mkanda unaruka tena."

Binti yangu alikuwa ameinama juu ya rola za kurushia, tochi ya simu mkononi. Mkanda wa meno uliotakiwa kukaza kati ya puli mbili ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nikachukua vernia, nikapima kutoka katikati ya beringi moja hadi nyingine. Umbali ulikuwa umepungua milimita mbili na nusu. Bamba lile la alumini tulichongewa na timu ya shule jirani, na la kwao lilikuwa linafanya kazi vizuri kabisa.

Mimi ni mkerezaji. Kazi nilijifunzia Dar es Salaam, siku hizi naifanya Minnesota, Marekani, ambako timu za wanafunzi kwenye mashindano ya roboti yaitwayo FIRST ni nyingi mno. Jioni najitolea kwenye timu ya binti yangu. Mchezo ulipotangazwa Januari 2024, roboti ilitakiwa kuokota pete za sponji zenye upana wa kama sentimita 36 na kuzirusha juu, nayo isizidi kilo 57 hivi bila bampa na betri. Sisi tulikuwa na vijana hodari wa programu. Jirani zetu walikuwa na mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta. Tukakubaliana: tubuni roboti moja, tuunde mbili.

Kumbe wenzetu walikuwa wameweka puli yenye meno mawili zaidi ili pete itoke kwa kasi. Puli ikikua, mkanda uleule unataka umbali mfupi zaidi, kwa hiyo wakasogeza tundu kwenye mchoro wa pamoja. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Sisi hatukuambiwa, na puli zetu zilikuwa bado zile ndogo. Haikuwa hila wala uchoyo. Kila mtu alikuwa na ruhusa ya kugusa kila kitu, ndiyo maana hakuna aliyejiona ana wajibu wa kusema.

Kesho yake niliwaomba wakuu wa timu zote mbili tuketi. Fremu na magurudumu yakawa yetu, kuokota na kurusha kukawa kwao. Ukitaka kubadilisha sehemu isiyo yako, unaomba, na jibu linakuja kabla ya siku kuisha. Kila badiliko linaingia kwenye daftari moja lenye namba, jina na sababu. Hiyo safu ya sababu niliing'ang'ania kuliko zote, maana kijana anayejua kwa nini tundu liko pale hatalisogeza ovyo. Tukaongeza jambo moja: kila kipuri kinachongwa viwili kwa mpigo, na anayekipima si aliyekichonga.

Programu tuliziacha kila timu iandike yake. Baadhi ya wazazi walinung'unika kwamba watoto wananakili tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Sijapata kuona vijana wakibishana kuhusu unene wa bamba kwa bidii kama pale walipojua kosa lao litaharibu roboti ya wengine.

Mashindanoni, timu tatu zilicheza dhidi ya tatu kwa dakika mbili na nusu, na mchana wa siku ya pili tukapangwa kinyume na jirani zetu. Walijua kwamba roboti yetu ikigeuka huku pete iko nusu mdomoni, pete huchomoka upande wa kushoto, kwa sababu ya kwao ilikuwa na ugonjwa uleule. Wakatuvizia hapohapo, wakawa wanatugonga bampa kila tunapookota. Tukafungwa.

Nilipofika kwenye banda letu, binti yangu na nahodha wao walikuwa wamekaa juu ya sanduku la zana, daftari katikati. Walikuwa wanaandika badiliko namba 41, rola ya kushoto isogezwe ndani, na kwenye safu ya sababu yule nahodha akaandika mwenyewe jinsi alivyotunyang'anya pete nne.